Moto Ulio Tumboni

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu wa shule moja ya bweni.)

Hebu tuanze na swali. Wangapi leo asubuhi hawakunywa uji? Nyoosheni mikono, sitawasema kwa mwalimu. Haya. Na wangapi tumbo huwachoma saa nne, katikati ya kipindi cha hesabu? Mnaona? Mikono karibu ni ile ile!

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nikiwa kidato cha tatu, Tanga, nilikuwa naruka uji ili nipate muda wa kusoma. Mchana nabugia chakula mbio mbio, kisha nainamia daftari. Tumbo lilipoanza kuwaka, rafiki yangu akanipa diklofenaki za dada yake. Jamani, zilinimaliza! Dawa za maumivu za aina hiyo, pamoja na aspirini na ibuprofeni, huweza kuchubua ukuta wa tumbo. Kwa hiyo wanaopeana vidonge bwenini, mmesikia.

Jirani yetu alikuwa bibi wa Kihindi, wazee wake walitoka Gujarat. Aliponiona nimejikunyata barazani alisema, "Mwanangu, moto wako umeharibika." Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa anasema habari za Ayurveda, elimu ya tiba ya India iliyoanza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Humo nguvu ya kusaga chakula huitwa agni, yaani moto. Moto huo una hali nne: ulio sawa, unaoyumba, leo tumbo limejaa gesi na kesho shwari, mkali mno, unaochoma, na hafifu, ukila kidogo tu umevimbiwa. Tena kuna pumzi iitwayo samana, inayokaa karibu na kitovu na kuupepea moto huo. Jiko la mkaa mnalijua: usipolipepea linafifia, ukizidisha mkaa unateketea.

Bila shaka daktari akichungulia tumboni haoni moto. Anaona asidi, na misuli inayokoroga chakula. Moto ni mfano tu, lakini mfano huu ulinifaa. Bibi alinitaka nile kwa saa zile zile kila siku, nitafune, na nisijaze tumbo: nusu chakula, robo maji, robo iachwe wazi. Kisha nisilale wala kuinama mara baada ya kula. Hilo hata hospitali watakuambia, kwa sababu ukilala na tumbo lililojaa asidi hupanda kooni, ndiyo kiungulia.

Alinifundisha na mkao wa vajrasana. Piga magoti, kalia visigino, nyoosha mgongo. Wenzetu Waislamu wanaujua, unakaribiana na kikao cha tahiyatu. Kaa hivyo dakika 5 au 10 baada ya kula. Ni mkao mmoja kati ya michache ambayo walimu wa yoga huruhusu tumbo likiwa na chakula. Magoti yakiuma acha, katembee polepole uwanjani. Ule wa kulala chali na kukumbatia magoti kifuani, unaosaidia gesi kutoka (msicheke!), ngoja mpaka saa 3 zipite baada ya kula.

Halafu pumzi. Ukiwa na hofu ya mtihani, mwili hupunguza kazi ya kusaga chakula. Kabla ya kula, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu hadi 6, kwa dakika 5. Lakini yale mazoezi ya kusukuma tumbo kwa nguvu msiyaige kwenye simu. Mwenye vidonda vya tumbo, ngiri au mimba asiyaguse kabisa.

Sasa sikilizeni hapa. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walifanikiwa kukuza maabara bakteria anayeishi tumboni. Mwaka 1984 Marshall alimnywa bakteria huyo mwenyewe, akaugua tumbo! Mwaka 2005 wakapata tuzo ya Nobel. Bakteria huyo husababisha vidonda vingi vya tumbo, na hakuna mkao wala pumzi inayomtoa. Hutolewa kwa dawa za hospitali, tena umalize dozi.

Na vidonge vya Ayurveda vya dukani? Msinunue ovyo. Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 zilizouzwa Boston, Marekani. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Mimi kile kiungulia na gesi vilipungua, lakini maumivu ya usiku yalibaki. Bibi hakunipa zoezi jingine. Alivuka uwanja, akamwambia mama, "Huyu mpeleke hospitali kesho, moto wake si wa kupepea tena." Nikapimwa, nikakutwa na bakteria yule yule. Nilimeza dawa siku 14. Mtu akitapika damu, au akipata choo cheusi kama lami, hata hiyo kesho asingoje.

Haya, nani ana swali?