Amri za Wakati wa Vita na Haki za Raia

(Mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo)



Baadhi yenu mmetuuliza swali zito. Mmeuliza hivi: Je, serikali ina haki ya kumfunga mtu bila kumpeleka mahakamani, kwa sababu tu nchi imo vitani? Leo tutajaribu kulijibu.

Katika masomo yetu tumekwisha kulisoma neno haki. Tulisema mtu ana haki ya kutembea katika nchi yake, kukutana na wenzake, kusema na kuandika maoni yake. Tena ana haki ya kutofungwa mpaka mahakama imwone na kosa. Hayo yote ni rahisi kuyasema siku za amani. Je, vita vikija?

Kwanza tusidanganyane. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuingia Kagera mwaka 1978, hakuna aliyetaka serikali ikae kitako ikisubiri. Adui akiwa mlangoni, serikali yoyote itafunga barabara. Itakataza magazeti kutangaza askari wamelala wapi. Mtu mwenye akili hagombani na jambo hilo, na sisi hatugombani nalo. Tunalotaka kuuliza leo ni jingine kabisa. Amri za namna hiyo zikishatolewa, nani anaziondoa? Na anaziondoa lini?

Ili tusizungumze hewani, tutaifuata sheria moja tu. Tutaifuata tangu ilipotungwa, mpaka ilipofika katika kijiji kimoja cha wakulima, tena kijiji chenye darasa la kisomo kama letu.

Mwaka 1939 Ulaya ilikuwa inakaribia kuingia katika vita vya Hitler. Serikali ya Uingereza ikajitayarisha. Kwa ajili ya nchi yao wenyewe, Waingereza walipitisha sheria ya kuipa serikali uwezo wa kutoa kanuni za vita. Kwa ajili ya makoloni walitoa amri nyingine inayofanana nayo. Amri hiyo ilisema kwamba gavana akitangaza hali ya hatari, ataweza kutunga kanuni zake mwenyewe: za kukamata watu, kuwaweka kizuizini, kupekua nyumba na kuchukua mali.

Huko Uingereza kanuni hizo zilifanya kazi kweli. Raia zaidi ya 1,000 waliwekwa ndani bila kushtakiwa. Mmoja wao alikuwa Oswald Mosley, kiongozi wa chama kilichompenda Hitler. Mwaka 1940 serikali iliwakamata pia wageni kama 27,000 kutoka Ujerumani, Austria na Italia. Wengi wao walikuwa Wayahudi waliomkimbia Hitler huyohuyo! Fikirini, mtu anamkimbia simba, halafu anafungiwa zizini kwa kudhaniwa kuwa ni simba. Hofu ikishika nchi, watu hawachambui.

Lakini angalieni jambo hili. Vita vya Ulaya vilipokwisha mwezi Mei 1945, kanuni ya kuweka raia kizuizini ilifutwa Uingereza mara moja. Kwao hawakukubali ibaki hata kidogo. Ile amri ya makoloni haikufutwa. Ilibaki kabatini, na gavana alijua kabati liko wapi.

Sasa twende Kenya, kwa jirani zetu.

Wakikuyu na wengine walikuwa wamenyang'anywa ardhi na walowezi. Madai yao hayakusikilizwa, na baadhi yao wakala kiapo cha kupigana. Ndiyo harakati iliyokuja kuitwa Mau Mau. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari. Alitumia amri ileile ya mwaka 1939. Hitler alikuwa amekufa miaka saba nyuma.

Usiku huohuo viongozi wakaanza kukamatwa, miongoni mwao Jomo Kenyatta. Yeye na wenzake watano walihukumiwa Kapenguria mwezi Aprili 1953, miaka saba kila mmoja na kazi ngumu. Magazeti mengi ya Waafrika yalipigwa marufuku. Shule ambazo Wakikuyu walizijenga kwa michango yao zilifungwa. Mwezi Juni 1953 chama cha KAU nacho kikapigwa marufuku.

Mtasema, basi ilikuwa vita. Ndiyo, damu ilimwagika, na si ya upande mmoja. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, wapiganaji walichoma nyumba za Waafrika wenzao walioonekana kuwa upande wa serikali, na wanawake na watoto wakafa ndani yake. Hatuwezi kulificha hilo. Lakini serikali ya kikoloni haikutaka kuviita vita. Ilisema hii ni hali ya hatari tu. Maneno hayo yalikuwa na faida kwake. Kwa kuwa haikuitwa vita, aliyekamatwa na bunduki hakuhesabiwa mateka wa vita. Alihesabiwa mhalifu. Kupatikana na risasi, kulisha watu kiapo, hata kufuatana na wapiganaji, kuliweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Watu 1,090 walinyongwa kwa makosa ya hali ya hatari. Kwa hiyo ndugu, mkisoma tangazo la serikali, litazameni sana jina ambalo jambo limepewa.

Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na kupangwa mistari. Mbele yao aliketi mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Watu wakapita mmojammoja. Yule wa gunia akitikisa kichwa, basi umekwisha. Huwezi kumwuliza yeye ni nani, wala alikuona wapi. Katika msako huo watu zaidi ya 20,000 walipelekwa kizuizini. Hii ndiyo maana ya kuondoa mahakama. Mahakamani mshtaki anasimama mbele yako, unamwona uso, unamwuliza maswali. Mtu wa gunia haulizwi kitu.

Mwaka huohuo wa 1954 ikaja amri ya vijiji. Watu zaidi ya milioni moja waliondolewa kwenye miji yao, nyumba zao zikachomwa au kubomolewa, nao wakasukumwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyochungwa na homgadi. Wengi waliobaki majumbani walikuwa akina mama, wazee na watoto, kwa maana wanaume walikuwa kizuizini au msituni. Akina mama hao ndio waliochimba mahandaki ya kuzunguka vijiji, na kuchomeka miti iliyochongwa ncha ndani yake. Kazi hiyo haikuwa na malipo. Kwenda shamba kulikuwa na saa zake. Jioni ikifika, geti linafungwa, na atakayeonekana nje ajue la kwake. Njaa iliua watu wengi katika vijiji hivyo, hasa watoto.

Na kila jambo lilikuwa na karatasi yake. Kutoka wilaya moja kwenda nyingine, kibali. Kufanya kazi mjini, kitabu cha pasi. Uchaguzi ulipokuja mwaka 1957, Mkikuyu hakuweza kupiga kura bila cheti cha kuthibitisha kwamba ni mtiifu kwa serikali. Hebu fikirini mama asiyejua kusoma, ameshika karatasi inayosema aende wapi na asiende wapi, naye hajui hata ameishika juu chini.

Kizuizini kwenyewe watu hawakukaa bure. Katika kambi kadhaa walianzisha madarasa yao wenyewe, wanaojua wakiwafundisha wasiojua. Josiah Mwangi Kariuki, aliyezuiwa tangu 1953 hadi 1960, aliandika barua za malalamiko na kuzitorosha nje ya kambi. Alipigwa kwa ajili ya barua hizo, na akaandika tena. Gakaara wa Wanjau aliandika kumbukumbu zake akiwa kizuizini, na mwaka 1983 zikachapwa kitabu kwa Kikikuyu. Sisi tunaofundisha kusoma na kuandika tunalitaja jambo hili kwa fahari. Watu hawa hawakuwa na mahakama wala mbunge. Walikuwa na kalamu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Amri hizi ziliisha lini?

Mwaka 1956 vita vya msituni vilikuwa vimekwisha kwa sehemu kubwa. Dedan Kimathi alikamatwa mwezi Oktoba mwaka huo, akanyongwa Februari 1957. Tungetazamia hali ya hatari ifutwe. Haikufutwa. Kambi ziliendelea, na tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa waliokataa kazi walipigwa marungu mpaka 11 wakafa. Serikali ikatangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Uongo huo ulipofichuka, Bunge la Uingereza lilikasirika. Hatimaye hali ya hatari iliondolewa Januari 1960. Tangu Kimathi anyongwe, karibu miaka mitatu ilikuwa imepita.

Wala haikuondoka mikono mitupu. Mwaka huohuo wa 1960 ilitungwa sheria mpya ya kulinda usalama wa umma, iliyohifadhi uwezo wa kumzuia mtu bila mashtaka. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, sheria hiyo ilirithiwa pamoja na ofisi na meza zake. Na mwaka 1966 serikali ya wananchi wenyewe ikaanza kuitumia.

Hapa ndipo tunafika kwenye kile kijiji.

Mwaka 1955 kijana mmoja alirudi nyumbani kwa likizo kutoka shule ya Alliance. Alipofika hakukuta nyumba. Kijiji chao chote kilikuwa kimebomolewa. Watu wake aliwakuta katika kijiji kipya cha amri, jina lake Kamiriithu, karibu na Limuru. Kijana huyo ni Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye baadaye alikuwa mwandishi maarufu, na ambaye amefariki mwaka 2025.

Kamiriithu kilibaki kijiji hata baada ya hali ya hatari. Mwaka 1976 wanakijiji walianzisha hapo darasa la kisomo cha watu wazima: wakulima, vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa viwandani. Walipokwisha kujua kusoma, wakataka kitu cha kusoma na kucheza. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika mchezo wa kuigiza kwa Kikikuyu, juu ya mkulima maskini anayepoteza shamba lake. Wanakijiji waliusahihisha wenyewe, maana mambo hayo waliyajua kuliko waandishi. Wakajenga jukwaa kwa mikono yao. Mwezi Oktoba 1977 ukaanza kuchezwa, na watu wakafurika.

Mwezi Novemba serikali ikafuta leseni ya mchezo. Siku za mwisho za Desemba 1977 polisi wakaja usiku wakamchukua Ngũgĩ wa Thiong'o. Hakushtakiwa kosa lolote. Alikaa karibu mwaka mzima katika gereza la Kamiti, mahali palepale ambapo akina mama walizuiwa wakati wa hali ya hatari. Humo aliandika hadithi nzima kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1982 polisi walirudi Kamiriithu na kulibomoa lile jukwaa.

Mwaka 1977 Kenya haikuwa na vita na nchi yoyote. Kulikuwa na darasa la kisomo na mchezo wa kuigiza. Uwezo huo wa kuzuia watu bila mashtaka uliondolewa katika sheria ile mwaka 1997. Tangu 1939 hadi 1997, hesabuni wenyewe.

Msidhani tunawasema majirani tu. Tanganyika nayo ilipitisha sheria yake ya kuweka watu kizuizini mwaka 1962, baada ya uhuru, bila ya vita. Tume ya Jaji Nyalali iliitaja katika ripoti ya mwaka 1992 miongoni mwa sheria 40 zinazobana haki.

Je, kuna breki? Ipo iliyoandikwa. Katiba ya Tanzania inasema Rais akitangaza hali ya hatari, Bunge liitwe katika muda usiozidi siku 14. Theluthi mbili ya wabunge wote wasipounga mkono, tangazo linakufa. Wakiliunga mkono, linaishi miezi sita tu, na kuliongeza ni lazima wapige kura tena. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imebana zaidi: mahakama inaweza kuamua kama tangazo lenyewe ni halali, na mtu aliyekamatwa hawezi kunyimwa haki ya kufikishwa mbele ya hakimu. Waliyoandika hayo walikuwa wanaikumbuka Manyani na Hola.

Kwetu jambo hili limo katika Ibara ya 32. Si ndefu, ila ina maneno magumu kidogo. Darasa lijalo tutaisoma pamoja, mstari kwa mstari. Mwenye nakala ya Katiba nyumbani aje nayo, na asiye nayo atakaa na mwenzake.