Mahali pa Kuvunja Neno



Nazungumzia neno moja la Kiingereza lenye herufi sita: record. Likifika mwishoni mwa mstari na nafasi ikawa haitoshi, kistari kiwekwe wapi? Kamusi za Marekani zina majibu mawili. Likiwa nomino hukatwa rec-ord. Likiwa kitenzi, re-cord.

Sababu iko kwenye matamshi. Nomino ina mkazo mwanzoni, irabu yake ya kwanza ni fupi, na c huifunga silabi hiyo. Kwenye kitenzi mkazo huhamia mwishoni, na c hufungua silabi ya pili. Maana za nomino hiyo ni nyingi: jalada la mahakama, santuri, muda bora wa mwanariadha, hata makosa ya mtu yaliyohifadhiwa polisi. Kistari hakizitofautishi hizo. Kinachotaka kujua ni kama tunataja kitu au tunataja tendo. Present nalo liko hivyohivyo: zawadi ni pres-ent, kuwasilisha ni pre-sent.

Kukata maneno kwa kufuata sikio kuliwahi kupiganiwa. Noah Webster, katika kitabu chake cha tahajia cha 1783, aliwapinga waliofundisha watoto kukata ha-bit na clu-ster. Alitaka hab-it na clus-ter, ili mtoto aone kwenye karatasi kile anachokisikia. Uingereza, desturi ya kuheshimu asili ya neno iliendelea kuwa na nguvu. Ndiyo maana knowledge inaweza kuwa know-ledge kwa mchapaji wa London na knowl-edge kwa wa New York.

Kisha ikaja kompyuta, isiyo na sikio. Mwaka 1983, Franklin Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliwasilisha tasnifu ambayo hata jina lake lilichapwa likiwa limekatwakatwa kwa vistari. Alikusanya ruwaza 4,447 za herufi zilizogundua karibu asilimia 89 ya sehemu za kukatia maneno katika kamusi ndogo ya Webster. Kwa programu ya Knuth ya kupanga chapa, TeX, yakaongezwa maneno 14 ya kuangaliwa peke yake. Miongoni mwake ni present na project, na yameorodheshwa bila kistari chochote: programu isiyojua maana imeamriwa isiyakate kabisa. Naiheshimu sana amri hiyo. Mstari uliolegea kidogo haumdhuru msomaji, lakini neno lililokatwa vibaya humfanya alisome mara mbili.

Kiswahili kilipolikopa neno record, tatizo liliisha. Rekodi na kurekodi vyote vina re-ko-di, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi zetu kwa kawaida huishia na irabu, ukiacha maneno ya mkopo kama labda na daftari. Kwa hiyo anayepanga kitabu cha Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza anatuharibia lugha: atapata kam-ba na nyum-ba, wakati sisi tunasema ka-mba na nyu-mba. Mchapishaji anayejali wasomaji wake ana wajibu wa kubadilisha mpangilio huo kabla ya kupeleka kazi kiwandani.

Hata hivyo, nasi tuna record yetu. Mbuni, yule ndege, ni mbu-ni, silabi mbili. Mbuni, mti wa kahawa, ni m-bu-ni, silabi tatu. Na mbuni, mtu anayebuni, ni hivyohivyo. Kwenye ukurasa mgongano huu hauonekani, kwa kuwa mchapaji haachi herufi moja peke yake mwishoni mwa mstari. Lakini programu inayosoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti italazimika kuamua kama ile m inasimama peke yake au la, na itaamua kwa kuangalia maneno ya jirani. Hiyo ni kazi ninayowaomba wanafunzi wa isimu na wa kompyuta waianze pamoja.