Elimu kwa Mgonjwa kabla ya Kipimo cha Vinasaba vya Maradhi ya Moyo: Tatizo la Jibu Lisilo na Uhakika

Kwa kuwa washiriki wa semina hii ni madaktari, wauguzi na washauri nasaha, fasili za msingi zinapitiwa kwa ufupi. Jeni ni sehemu ya kinasaba inayobeba maelekezo ya kuunda protini za mwili, na kipimo cha vinasaba hutafuta hitilafu katika maelekezo hayo kwa kutumia damu au mate. Ugonjwa unaochukuliwa hapa kuwa mfano ni unene wa kurithi wa misuli ya moyo, ambao humpata takribani mtu 1 kati ya 500, mara nyingi kutokana na hitilafu katika jeni za MYH7 na MYBPC3, na kila mtoto wa mzazi mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi.

Jambo linalostahili muda mrefu zaidi ni jibu lisilo na uhakika. Nchini Tanzania, ushauri nasaha wa virusi vya UKIMWI umewazoesha watu, kwa manufaa makubwa, kwamba kipimo hujibu ama ndiyo ama hapana, na mgonjwa wa moyo huja na matarajio hayohayo. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2015, unaofuatwa na maabara nyingi duniani, hugawa mabadiliko ya jeni katika madaraja matano, na daraja la katikati ni la mabadiliko ambayo haijulikani kama yanaleta ugonjwa au la. Asiyeandaliwa mapema hulipokea jibu hilo kama hukumu, au huliona kuwa cheti cha uzima na kuacha kliniki, na njia zote mbili zina hatari.

Kwa Mwafrika tatizo ni zito zaidi, kwa sababu hazina za vinasaba ambazo maabara hulinganishia zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, hivyo badiliko lililo la kawaida kwa Waafrika huweza kuonekana adimu na kutiliwa shaka. Mwaka 2016 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba baadhi ya Wamarekani wenye asili ya Afrika waliambiwa wana hitilafu inayoleta unene wa misuli ya moyo, ilhali mabadiliko hayo hayakuwa na madhara. Watu hao walibebeshwa hitilafu ya ukoo kwa karatasi ya maabara.

Mada hii haikusudii kulaumu kituo chochote kinachopima bila kumweleza mgonjwa kwanza, kwani uhaba wa watumishi ni wa kweli. Hata hivyo, ni vigumu kukubali kwamba muda wa kutoa damu hupatikana kila siku na muda wa maelezo haupatikani.

Inapendekezwa, basi, kwamba maelezo yatolewe kabla ya damu kuchukuliwa, ikiwezekana siku tofauti, na kwamba fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili chepesi ikitaja wazi uwezekano wa jibu lisilo na uhakika. Mgonjwa aelezwe pia kwamba hitilafu isipoonekana kwake ugonjwa haujafutwa, na ndugu zake wa damu bado wanahitaji kipimo cha umeme wa moyo na cha eko. Kwa kuwa kupima wazazi na watoto pamoja huweza kufichua suala la baba halisi wa mtoto, jambo ambalo jamii tayari hulihusisha na kipimo cha vinasaba, familia iulizwe mapema kama ingependa kuambiwa. Washauri nasaha wa UKIMWI, ambao tayari wanajua kutunza siri, wapewe mafunzo ya nyongeza badala ya kusubiri kada mpya.

Inasisitizwa tena kwamba jibu lisilo na uhakika lielezwe kabla ya damu kuchukuliwa. Tena, kwa kuwa daraja la badiliko hurekebishwa maarifa yanapoongezeka, kila kituo kitunze namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu mmoja aliyeridhiwa naye, na kimtaje kwa cheo mtumishi atakayepiga simu daraja hilo likibadilika.