Makato ya Bima ya Afya na Haki ya Mwanachama

(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi)



Kuna swali ambalo katibu wa chama cha msingi hawezi kulikwepa. Mwanachama akikatwa fedha ya bima ya afya katika malipo yake ya pamba, fedha hiyo huenda wapi, na siku atakapougua itamfikia kwa njia gani? Swali hili si la ubishi. Aliyelima ekari mbili kule Kwimba au Magu ana haki ya kujua habari za kila shilingi inayotoka katika jasho lake.

Yafaa kuanza na Mfuko wenyewe. Gharama za kuchangia matibabu zilipoanza kutozwa katika hospitali za Serikali mwaka 1993, ilionekana dhahiri kwamba mkulima asiye na mshahara angepata taabu. Mwaka 1996 ukafanywa mpango wa majaribio wilayani Igunga, kaya ikichangia mara moja kwa mwaka. Hapo ndipo ulipozaliwa Mfuko wa Afya ya Jamii. Kwa upande wa watumishi, Bunge lilitunga sheria mwaka 1999, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi alikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza asilimia 3 nyingine.

Makato hayo hayakuwa ya hiari, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya Mfuko. Mwalimu kijana asiyeumwa hata kichwa alikatwa sawasawa na karani mzee mwenye kisukari. Fedha zikazidi matumizi kwa miaka mingi, hata Mfuko ukakopesha taasisi za umma, Chuo Kikuu cha Dodoma kikiwamo. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amelalamikia katika taarifa zake kuchelewa kwa marejesho ya mikopo ya namna hiyo. Wanaushirika hawahitaji kufundishwa maana ya deni lisilolipwa katika vitabu vya chama.

Matatizo makubwa yalikuja milango ilipofunguliwa kwa watu wasio na mwajiri. Palikuwa na kadi ya watoto, Toto Afya, kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Novemba 2019 vikatangazwa vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza, cha chini kabisa kikianzia shilingi 192,000 kwa mtu mmoja. Kila mtu alijiunga kwa wakati wake na kwa hiari yake. Ni nani basi aliyekuwa wa kwanza kufika dirishani? Ni mzazi mwenye mtoto mgonjwa, naye hana lawama. Mzazi gani asingefanya hivyo? Lakini mzazi wa mtoto mzima alibaki nyumbani.

Chukueni mfano wa chama chenye wanachama 300. Wote wakitoa shilingi 76,800, kapu lina shilingi 23,040,000, na wagonjwa 20 wa mwaka huo watatibiwa kutoka kapu hilo. Wakijiunga wale wagonjwa 20 peke yao, kapu lina shilingi 1,536,000 tu. Hapo hakuna bima tena. Kuna wagonjwa 20 wanaochangiana umaskini wao.

Machi 2023 Mfuko ukasimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya, ukieleza kwamba matibabu yaligharimu mara nyingi zaidi ya michango iliyokusanywa. Wazazi wakaelekezwa kusajili watoto kupitia shule au katika vifurushi vya familia. Hesabu ya Mfuko ilikuwa sahihi. Walakini mpango ule ulitungwa na Mfuko wenyewe, na udhaifu wake ungeweza kuonekana tangu siku ya kwanza. Uzito wa kuufunga ghafla ukawaangukia watoto wenye maradhi ya moyo na wenye selimundu, ugonjwa ulioenea sana katika Kanda ya Ziwa, ambao hauponi kwa sababu usajili umefungwa.

Mwaka uliofuata ukazuka mgogoro mwingine. Mfuko ulitoa orodha mpya ya bei za huduma na dawa, na ilipoanza kutumika tarehe 1 Machi 2024, hospitali nyingi za binafsi zilitangaza kwamba hazitawahudumia wanachama wa Mfuko. Mfuko ulisema bei za zamani zilipita bei za soko. Wenye hospitali wakasema bei mpya hazitoshi kuendesha kazi. Serikali iliingia kati na mazungumzo yakafanyika. Kila upande ulikuwa na hoja. Wapo watoa huduma waliodai malipo ya dawa ambazo mgonjwa hakupewa, na wapo pia wanachama walioazima ndugu zao kadi. Huo nao ni wizi, japo unafanywa kwa huruma. Lakini siku zile mtu mwenye kadi halali, aliyekatwa kila mwezi bila kukosa, aligeuzwa mlangoni kwa ugomvi ambao hakuulizwa neno.

Wazee wa kanda hii wanaujua ugonjwa huo kwa jina lingine. Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lililoundwa mwaka 1955, lilikuwa fahari ya wakulima wa pamba. Hata hivyo mwaka 1966 Serikali ilibidi iunde kamati maalum kuchunguza vyama vya ushirika, na makato ambayo mkulima hakuelezwa maana yake yalikuwa miongoni mwa malalamiko. Fedha ilikuwa ya mwanachama, maamuzi yakawa ya ofisi.

Mpango wa Ushirika Afya ulibuniwa kwa ajili ya wakulima wa pamba, kahawa, korosho, chai na tumbaku walio katika vyama vyao. Ulipoanzishwa, mkulima alitozwa shilingi 76,800 kwa mwaka na mtoto shilingi 50,400. Linganisheni na zile 192,000 za mtu aliyejiunga peke yake. Bei ilipungua kwa sababu chama huleta wazima na wagonjwa pamoja, na fedha hupatikana msimu wa mauzo, mkulima anapokuwa nayo mkononi.

Katibu asichanganye mpango huo na Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018, ambao kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000. Huo ulianzia zahanati na kuishia hospitali ya mkoa, kwa Mwanza ni Sekou Toure. Mgonjwa kutoka Ukara aliyevuka ziwa na kuandikiwa rufaa ya Bugando alikuta kadi hiyo imefika mwisho wake.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, na kwa hiyo suala hili litazidi kufika mezani kwa vyama. Kabla ya msimu wa pamba kufunguliwa, katibu aombe kwa maandishi ofisi ya Mfuko mkoani bei zinazotumika mwaka huo na orodha ya hospitali zilizokubali kuhudumia, kisha azisome mbele ya mkutano mkuu, kwa Kisukuma pale inapobidi. Makato yapigiwe kura na kuandikwa katika muhtasari. Kila aliyekatwa apewe stakabadhi yenye jina lake na majina ya wategemezi wake, na daftari lioneshe tarehe ya kukata na tarehe ya kupeleka fedha. Kama kati ya tarehe hizo mbili zimepita wiki 6, kamati ya usimamizi iulize fedha ililala wapi, kwa sababu katika wiki hizo mwanachama anatembea na stakabadhi akidhani ana bima.