Kusi Likifika Salalah

Julai hii sisi wa pwani tunajifunika shuka. Kusi linavuma na kipupwe kimekaza. Jamaa zetu wa Maskati wao wanaungua, nyuzi 40 na ushei. Basi ukienda kuwatembelea miezi hii, huenda wakakwambia, "Twende Salalah." Usikatae.

Salalah iko Dhofar, kusini mwa Omani. Kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba huwa na msimu wake, kharifu, na unaouleta ni upepo huu huu wetu. Kusi likivuka ikweta hupinda kuelekea Arabuni, likaambaa na pwani na kuyasukuma maji ya juu kwenda bahari kuu. Maji baridi ya kilindini yakapanda. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa, ikawa ukungu, na ukungu ukanasa milimani nyuma ya mji. Miteremko inayotazama bahari huvaa majani mabichi. Ng'ambo ya pili ni jangwa vilevile. Joto mjini ni nyuzi 25 au zaidi kidogo. Mvua ni manyunyu tu, kwa hiyo mwavuli acha, chukua koti jepesi na viatu visivyoteleza. Madafu utayakuta, yanauzwa kando ya barabara pamoja na ndizi na mapapai, usijione mgeni.

Kwa gari kutoka Maskati ni kama kilomita 1,000. Jangwani, mwenye mafuta na maji hupita. Pa kuogopa ni mwishoni, ukishuka kutoka Thumrait: jua kali, mara umo ndani ya ukungu, na ngamia kasimama katikati ya lami. Pita mchana, taratibu. Tena usiogelee. Mawimbi ya ufuo wa Mughsail wakati huo hupasuka kwenye miamba yakaruka juu; ndiyo bahari ambayo manahodha wa majahazi waliikwepa, wakaondoka kwetu kusi likianza au wakangoja lipungue.

Agosti vyumba ni ghali, na magari hupanga foleni mlimani. Mimi ningekwenda mwishoni mwa Septemba: majani hayajakauka, mbingu imefunguka, na Wadi Darbat unaliona bonde lenyewe badala ya weupe mtupu. Wenye watoto wa shule hamna hiari hiyo. Ninyi wekeni vyumba mapema, na mlimani msipande Ijumaa wala Jumamosi, maana ndizo siku za mapumziko huko.