Tarumbeta Yenye Sauti ya Hakika

Tunawasalimu kutoka hapa Nakuru, ninyi mlio Naivasha, Gilgil, Njoro, Molo na Nyahururu, mlio jikoni mkichemsha chai na mlio garini mkienda kazini. Asubuhi hii tunataka kuzungumza nanyi juu ya kijana mmoja wa parishi yetu na tarumbeta yake. Jina lake hatutalitaja, maana Alhamisi ijayo ana safari ya Nairobi, wala hatupendi aende akiwa amebeba macho ya watu wote mgongoni.

Kijana huyu amepiga tarumbeta kanisani kwetu tangu akiwa shule ya msingi. Nanyi mnajua ibada zetu zilivyo. Ngoma ipo, kinanda kipo, kwaya ipo, na akina mama wakianza kuimba hakuna atakayesikia kingine. Kila Jumapili tulimshika mkono mlangoni tukamwambia, "Hongera, umepiga vizuri sana." Tulisema hivyo hata siku zile tulizosikia wenyewe noti ikikwaruza. Tulidhani huo ndio upendo.

Mwaka juzi alipata habari kwamba bendi moja ya kulipwa mshahara huko Nairobi inatafuta wapiga tarumbeta. Hapa Kenya, mtu anayetaka kuishi kwa tarumbeta hana milango mingi. Okestra ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1947, ni kundi la heshima, lakini wapigaji wake wengi wana kazi nyingine za kuwalisha. Mshahara wa kila mwezi hupatikana zaidi katika bendi za jeshi na za polisi. Kwa hiyo nafasi moja ikitokea, wanaoitaka ni wengi. Basi tulimwombea mbele ya kanisa, tukamchangia nauli, akaenda kwenye majaribio.

Alirudi jioni ile ile. Alipoingia chumbani mbele ya wasaili watatu, hapakuwa na ngoma, wala kinanda, wala akina mama wa kumfunika. Alikuwa peke yake. Noti ya kwanza haikutoka; ilitoka pumzi tupu. Ya pili ikapasuka. Wale wasaili wakamshukuru kwa upole, wakamwita mwingine.

Kesho yake alitujia ofisini. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mchungaji, mmekuwa mkinisikia kila Jumapili. Mbona hamkuniambia?"

Ndugu zetu, hatukuwa na jibu. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, anatumia mfano wa baragumu la vita: askari hawezi kuufuata mlio asioutambua. Tumehubiri juu ya maneno hayo mara nyingi. Lakini siku ile tuliona kwamba baragumu lisiloeleweka lilikuwa ni sisi wenyewe. Kijana alingoja neno la kumwonyesha alipo, nasi tukampa sifa zisizo na maana.

Tukamtafuta mzee mmoja mstaafu, aliyepiga katika bendi ya jeshi miaka mingi, ambaye sasa anafuga ng'ombe wake wawili upande wa Lanet. Mzee alimsikiliza kwa dakika tano tu. Akamtazama midomo, akaona ile alama nyekundu ya mviringo, akasema, "Kijana wangu, wewe hupigi tarumbeta. Unapigana nayo."

Kisha akatueleza jambo ambalo hatukulijua. Sauti ya tarumbeta haitoki katika shaba. Inatokana na midomo ya mpigaji inayotetemeka ndani ya kile kikombe kidogo anachokiweka mdomoni. Vali zile tatu anazobonyeza kwa vidole kazi yake ni kurefusha njia ya hewa tu. Hata bila kubonyeza vali yoyote, zipo noti kadhaa, na kinachochagua mojawapo ni midomo na pumzi. Kwa hiyo mpigaji hawezi kuitafuta noti kwa macho, wala kwa kidole peke yake. Sharti aisikie kwanza ndani ya kichwa chake, ndipo apulize. Tena akiikandamiza tarumbeta mdomoni kwa nguvu, damu haipiti vizuri, midomo inachoka, na sauti inakufa. Kijana wetu alikuwa amefanya hivyo kwa miaka, akijaribu kuishinda ngoma.

Mzee akamrudisha nyuma kabisa. Miezi mitatu ya kwanza, kazi yake ilikuwa noti ndefu, zilizopigwa polepole na kwa sauti ndogo, kila moja ianze safi na imalizike safi. Baadaye ngazi za sauti, moja baada ya nyingine, mpaka zote zikaota mizizi. Akamwamuru pia apumzike muda ule ule aliopiga, dakika kumi kwa dakika kumi, maana misuli ya midomo ni midogo, na asiyeipumzisha huiharibu. Kijana aliona pumziko hilo kuwa gumu kuliko kazi. Ni wangapi kati yetu tulio hivyo?

Lakini atapigia wapi? Hapa tunapaswa kuungama jambo jingine. Zamani alipofanyia mazoezi karibu na nyumba zetu, sisi ndio tuliomwambia apeleke kelele zake kwingine. Naye, kwa kutii, alikuwa akipanda hadi ukingo wa Menengai, akapiga huko peke yake, upepo ukizichukua noti zake na kuzitupa shimoni. Jua likiwaka alipigwa na jua, mvua ikinyesha alirudi. Na wakati huo wote kile chumba cha nyuma ya kanisa, tunamovalia kanzu, kilikuwa kimefungwa siku sita za juma! Sasa ufunguo anao yeye, na saa kumi na mbili asubuhi yumo humo.

Mzee yule pia alimtaka ajifunze vipande ambavyo okestra kubwa za dunia huwapa wapiga tarumbeta katika majaribio. Simfoni ya 5 ya Gustav Mahler, iliyosikika hadharani mara ya kwanza mwaka 1904, inaanza na tarumbeta moja peke yake, wengine wote wamenyamaza. Kadhalika ile kazi ya Mussorgsky juu ya picha za maonyesho, kama Maurice Ravel alivyoiandikia okestra mwaka 1922: anayefungua mlango ni mpiga tarumbeta mmoja. Vipande hivi vinavyoombwa ni vifupi. Mtu hutayarisha miaka, kisha anahukumiwa kwa nusu dakika.

Kingine kinachoombwa mara nyingi ni konseto ya Joseph Haydn. Aliiandika mwaka 1796 kwa ajili ya Anton Weidinger wa Vienna. Tarumbeta za siku zile zilikuwa na noti chache, naye Weidinger alikuwa akishughulika na tarumbeta ya namna mpya, yenye vifungo, iliyoweza kupiga noti nyingi zaidi. Kazi hiyo ilipigwa mbele ya watu mwaka 1800. Miaka minne ilipita kati ya wino kukauka na watu kusikia. Kijana aliposikia habari hiyo alicheka, akasema, "Basi mimi bado sijachelewa."

Tena tulijifunza kwamba huko Marekani, hasa tangu miaka ya 1970, okestra nyingi huweka pazia kati ya wasaili na mpigaji. Mahali pengine hutandika zulia ili hata viatu visimtambulishe kama ni mwanamume au mwanamke. Wasaili hawaoni sura, hawasikii jina. Sisi watu wa Bonde la Ufa tunaweza kuufahamu uzito wa jambo hilo. Mwanzoni mwa mwaka 2008 tuliona hapa hapa jinsi jina la mtu lilivyotosha kumponza. Nabii Samweli naye alikaribia kumtia mafuta ndugu mkubwa kwa sababu ya umbo lake, mpaka Mungu alipomzuia. Ni vizuri pazia liwepo. Ila, wapenzi, pazia huondoa upendeleo tu. Halimsaidii ambaye hakujitayarisha.

Basi tukaanza desturi mpya. Kila Ijumaa ya pili, jioni, watu watatu wa parishi huketi kanisani wakielekea ukutani. Kijana hukimbia kuzunguka kanisa mara mbili, ili moyo upige kama unavyopiga mtu akiwa na hofu, kisha huingia na kupiga mara moja tu. Hakuna kurudia. Nasi tunaandika kwenye karatasi tulichosikia, kweli tupu. Ijumaa ya kwanza mama mmoja alishika kalamu asiandike. Akanong'ona, "Nitamvunja moyo mtoto wa watu." Kijana akamsikia, akasema, "Mama, andika tu. Afadhali nivunjike hapa nyumbani." Mama akaandika: noti ya mwisho ilitetemeka. Ilikuwa kweli. Ijumaa iliyofuata haikutetemeka.

Je, Alhamisi atachukuliwa? Hatujui. Nafasi ni moja, na wenzake nao wamejitayarisha, nao wana mama zao wanaowaombea. Hatutamwambia kwamba Mungu amemwahidi kiti kile, maana hatukuambiwa hivyo. Jumatano atapiga kidogo tu, atatia vali mafuta, atakula mapema na kulala. Akirudi na barua au bila barua, Jumapili tutamngoja, na ngoma tumeiomba ipungue kidogo.

Nawe msikilizaji, huenda hupigi tarumbeta. Lakini yupo mtu nyumbani kwako au kazini kwako anayejitayarisha kwa mlango mwembamba: mtoto wa mtihani, fundi mwanafunzi, mhubiri mgeni. Je, umempa sifa za mlangoni tu, au umempa sikio la kweli? Na je, hakuna chumba chako kilichofungwa ambacho ufunguo wake ungeweza kuwa mkononi mwake?

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa ajili ya sifa tulizotoa ili tupendwe. Utupe ujasiri wa kusema kweli kwa upole, na mikono ya kusaidia baada ya kusema. Uwe pamoja na wote wanaosimama peke yao mbele ya watu juma hili, uwape pumzi ya kutosha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.