Bandama Lililovimba: Litolewe au Lizibwe?

Katika mikutano ya vikundi tumeulizwa swali moja tena na tena, hasa na akina mama: "Tunasikia kuna kutibu bandama bila kupasua. Mbona basi tufanye harambee ya kisu?" Haya, leo tulijibu.

Bandama liko upande wa kushoto, chini ya mbavu. Kazi yake ni kuchuja damu: huondoa chembe zilizozeeka na kukamata vijidudu. Malaria ya kurudiarudia, kala-azar kama ile ya Baringo na Pokot, au kichocho cha tumbo kilichoharibu ini, huweza kulifanya livimbe. Likishavimba hupita kiasi, linameza hata chembe nzima. Mgonjwa hupungukiwa damu, huchoka, na akikatwa kidogo tu damu haiachi upesi.

Kwanza utibiwe ugonjwa wenyewe. Kala-azar ikipata dawa zake, mara nyingi bandama hunywea, na hakuna tena habari ya kisu. Na wale wanaochanja watoto chale za wembe tumboni, jamani, tuache. Wembe haufiki kwenye bandama. Unaleta kidonda tu.

Dawa zisipotosha, ndipo daktari hufikiria kulitoa. Hulitoa kwa kupasua tumbo, au kwa matundu madogo na kamera, ikiwa bandama si kubwa mno. Matundu hupona upesi kuliko mshono mrefu. Lakini tusidanganyike: kwa njia zote mbili bandama limekwenda lote. Damu kwa kawaida hupanda, ila mlinzi hayupo tena, na hilo ni la maisha. Homa inayoanza asubuhi yaweza kumwua mtu kabla ya siku ya pili. Kwa hiyo chanjo za kuzuia nimonia na uti wa mgongo zitolewe mapema, ikiwezekana wiki 2 au zaidi kabla ya kupasuliwa. Baadaye ni kulala ndani ya neti, na homa yoyote ni hospitali siku hiyo hiyo, si kungoja kupambazuke.

Njia ile ya bila kupasua ni hii. Mpira mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa damu, mara nyingi kwenye kinena, ukiongozwa kwa eksirei hadi kwenye bandama. Daktari huziba baadhi ya vijimshipa, sehemu ile ikafa, nyingine ikabaki ikifanya kazi. Hapo ndipo faida yake, mlinzi hakufukuzwa. Lakini maumivu na homa kwa siku kadhaa ni kawaida, pengine jipu huota ndani, na kwa wengine bandama hukua tena na damu ikashuka. Tena yahitaji mashine na mtaalamu ambao hospitali zetu za karibu hazina.

Kwa hiyo kabla ya kuchangisha, mwulizeni daktari: ni nini kilichovimbisha bandama hili? Litabaki kiasi gani? Baadaye mgonjwa atafuatwa na nani? Kidonda kidogo kisiwafanye msahau kuuliza.

Mwenye mgonjwa anayengoja kupasuliwa atuone hapa baada ya mkutano, aje na kadi ya kliniki. Tutatazama kama chanjo zimeandikwa.